Kitufe Kinachoitikia: Mwendo wa Vitufe na Kadi katika Tovuti ya Kaunti

Maandishi ya mada iliyowasilishwa kwa maafisa wa mawasiliano wa idara za kaunti na vijana wanaojifunza usanifu wa tovuti



Mtu anayeketi mbele ya kompyuta ana tabia moja ambayo mara nyingi yeye mwenyewe haitambui. Kabla ya kubonyeza chochote, husogeza mshale wa kipanya hadi juu ya kile anachodhani ni kitufe, akasita kidogo na kutazama kama kitaitikia. Kikibadilika rangi, kikiinuka kidogo, au mstari ukijichora chini ya maandishi, anajua amefika mahali penyewe. Kisipofanya lolote, anaanza kushuku. Huenda hii ni picha tu. Huenda tovuti imekwama. Ni sawa na mgeni anayepiga hodi mlangoni: akiitikiwa "karibu" huingia, asipoitikiwa husimama nje akichungulia.

Mada ya leo inahusu itikio hilo: jinsi linavyoandikwa kwa laha ya mitindo, yaani CSS, na jinsi linavyoweza kugeuka kuwa kizuizi kwa mwananchi yule yule aliyekusudiwa kukaribishwa. Wengi hulichukulia kuwa pambo, na kwa kweli ni pambo, mpaka siku msanifu atakapoficha tarehe ya mwisho ya kuomba basari ndani yake. Hapo si pambo tena.

Kwanza, historia fupi. Mnamo Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, raia wa Norway aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, alipendekeza kwamba sura ya ukurasa, yaani rangi, herufi na nafasi, iandikwe kando na maandishi yenyewe. Toleo la kwanza la CSS liliidhinishwa Desemba 1996. Toleo hilo halikuwa na njia yoyote ya kusema "mshale ukipita hapa, fanya hivi". Msanifu wa wakati huo aliyetaka kitufe chake kiitikie alitengeneza picha mbili za kila kitufe, moja ya kawaida na nyingine iliyong'aa, kisha akaandika programu ndogo ya JavaScript ya kuzibadilisha. Menyu yenye vitufe 8 ilidai picha 16, na zote zilipita katika laini ya simu ya polepole.

Toleo la pili, la Mei 1998, ndilo lililoleta neno hover. Hata hivyo, kivinjari kilichotawala miaka iliyofuata, Internet Explorer 6 cha mwaka 2001, kililikubali neno hilo kwa viungo peke yake. Kadi, safu za jedwali na menyu zilisubiri toleo la 7, lililotoka 2006. Na kwa muda mrefu badiliko lenyewe lilikuwa la papo hapo, kama mtu anayewasha taa. Uwezo wa kubadilika taratibu ulianza kuonyeshwa na watengenezaji wa WebKit mwaka 2007, na leo upo katika karibu kila kivinjari cha kisasa. Kwa hiyo afisa anayekuta tovuti ya zamani ya idara yake imejaa picha mbili mbili za vitufe na JavaScript ya kuzibadilisha anaweza kuviondoa vyote bila hofu. Mistari michache ya CSS inafanya kazi hiyo, na mwananchi anaokoa bando lake.

Mistari yenyewe ndiyo hii. Tuseme kuna kitufe kilichoandikwa "Pakua fomu", na msanifu amekipa jina la kitufe katika ukurasa wake:

.kitufe {
  background-color: #0b5d3b;
  color: #ffffff;
  transition: background-color 200ms ease-out, transform 200ms ease-out;
}

.kitufe:hover {
  background-color: #084a2f;
  transform: translateY(-2px);
}

Sehemu ya juu inaeleza kitufe kikiwa kimetulia: mandhari ya kijani kilichokoza, herufi nyeupe. Sehemu ya chini, yenye nukta mbili na neno hover, inaeleza hali yake mshale ukiwa juu yake: kijani kinakoza zaidi, na kitufe kinapanda juu kwa pikseli 2. Mstari wa transition ndio unaokiambia kivinjari kisiruke kutoka hali moja hadi nyingine, bali kisafiri kwa milisekunde 200, yaani moja ya tano ya sekunde. Neno ease-out lina maana kwamba safari inaanza kwa kasi na kumalizikia polepole, kama gari linalofika stendi.

Mwanafunzi anayeanza hupenda kuuweka mstari wa transition katika sehemu ya chini, ile ya hover. Anajaribu, anaona kitufe kinapanda vizuri, anaridhika. Lakini akiondoa mshale kitufe kinaanguka ghafla, kwa sababu mara mshale unapoondoka sehemu ya chini haitumiki tena, na agizo la kusafiri taratibu limeondoka nayo. Mahali pake ni juu, katika hali ya utulivu, ambapo linatawala kwenda na kurudi.

Kosa la pili la kawaida ni kuandika transition: all, yaani kila kitu kisafiri. Leo halitaonekana. Mwezi ujao afisa mwingine atabadilisha ukubwa wa herufi au upana wa kitufe, na ghafla vitu ambavyo hakuna aliyekusudia viende vitaanza kwenda. Heri kutaja kila kinachosafiri kwa jina lake.

Kuhusu muda, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta Jakob Nielsen aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1993 kwamba jambo linalotokea ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde huonekana kwa mtumiaji kuwa limetokea papo hapo. Mwendo wa kitufe unafaa ukae kidogo juu ya kipimo hicho, milisekunde 150 hadi 250, ili jicho liuone bila mkono kuungoja. Ukifika nusu sekunde, kitufe kinaonekana kuchoka. Na mwananchi anayepitia orodha ya zabuni 30 atakutana na uchovu huo mara 30.

Sasa swali ambalo wasanifu wengi hawalifikirii kwa sababu kompyuta zao ni mpya: ni kitu gani hasa kinafaa kusogezwa? Kivinjari kina kazi tatu kila kinapochora ukurasa. Kinapima kila kitu kikae wapi, kinapaka rangi, halafu kinapanga tabaka zilizopakwa moja juu ya nyingine. Msanifu akibadilisha upana, urefu au nafasi ya pembeni ya kitufe, kazi zote tatu zinaanza upya, na si kwa kitufe hicho peke yake. Ni kama abiria anayejitanua katika kiti cha matatu: kila aliye kando yake lazima asogee. Ili mwendo uonekane laini, skrini nyingi hutaka picha mpya mara 60 kwa sekunde, yaani kivinjari kina takriban milisekunde 16 tu za kumaliza kila moja. Kompyuta nzima ya ofisini inaweza kuhimili. Ile ya saiba ambayo imehudumu tangu mteja wake wa kwanza, ikiwa na kurasa 12 zimefunguliwa, haitaweza, na mwendo utakuwa wa kukwamakwama.

Vitu viwili humpunguzia kivinjari mzigo huo: transform, inayosogeza, kukuza au kuzungusha kitu bila kuwasumbua jirani zake, na opacity, inayokififisha au kukionyesha. Hivi kivinjari hufanya katika ile kazi ya tatu peke yake, kwa tabaka ambazo tayari zimepakwa. Rangi ya mandhari iko katikati: hupakwa upya, lakini kwa kitufe kidogo gharama yake si kubwa. Kivuli kinachotanuka chini ya kadi ni ghali zaidi kuliko kinavyoonekana, hasa kadi zikiwa nyingi. Anayekitaka anaweza kukichora mara moja katika tabaka lake, kikiwa kimefichwa kwa opacity ya sifuri, kisha akabadilisha opacity peke yake mshale unapofika.

Kuna hitilafu moja inayowachanganya hata wazoefu. Kadi inawekwa ipande juu pikseli 10 inapofikiwa na mshale. Mshale ukiwa karibu na ukingo wa chini, kadi inapanda na kuuacha mshale nje. Kwa kuwa mshale hauko tena juu ya kadi, kadi inashuka. Inaposhuka inaukuta mshale, inapanda tena. Mwananchi anaona kadi inayotetemeka kama mtu mwenye homa. Dawa ni kutosogeza kile kinachopokea mshale. Msanifu huweka kisanduku cha nje kinachotulia, na neno hover likawa la kisanduku hicho, halafu kinachosogea ni kilichomo ndani yake. Wengine hupunguza mwendo hadi pikseli 2, ambapo tetemeko huwa dogo ingawa chanzo chake bado kipo.

Kuhusu kiasi, matatu za Rongai zimejijengea jina kwa taa za kumetameta, na abiria wake wanazipenda kwa sababu hiyo. Anayefungua ukurasa wa leseni za biashara hakuja kwa burudani. Kitufe kinachozunguka, kinachovimba na kubadilisha rangi tatu kwa wakati mmoja kinasema jambo moja tu, kwamba msanifu amejifunza kitu kipya wiki hii. Itikio moja au mawili yanatosha, na yawe yale yale katika ukurasa mzima, ili mwananchi aliyeliona mara moja alitambue kila mahali.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa mazungumzo yamekuwa ya kipanya. Mwananchi mwingi hana kipanya. Ana simu.

Simu haina mshale. Kidole ama kimegusa kioo ama hakijagusa, na hakuna hali ya katikati ya kuelea juu ya kitufe bila kukibonyeza. Mtu wa simu hapigi hodi, anaingia moja kwa moja. Watengenezaji wa vivinjari vya simu walilijua hilo tangu mwanzo na wakatafuta njia ya kuzisaidia tovuti zilizojengwa kwa ajili ya kompyuta. Katika iPhone, ambayo ilitoka 2007, mguso wa kwanza juu ya kiungo unaweza kuchukuliwa kama mshale uliofika, ikiwa kuna kitu kilichofichwa kinachojitokeza, na inabidi mtu aguse mara ya pili ili kiungo kifunguke. Katika simu nyingi, kitufe kilichoguswa hubaki na rangi yake ya hover hata baada ya kidole kuondoka, mpaka mahali pengine paguswe. Mtumiaji anaona kitufe kimoja kimekoza kuliko vingine na kudhani tayari amekichagua.

Hayo ni ya kuudhi tu. Lililo zito ni maudhui yaliyofichwa. Chukua mfano wa ukurasa wenye kadi 6: basari, leseni za biashara, zabuni, nafasi za kazi, afya, na ushiriki wa umma. Kila kadi ina picha na kichwa. Mshale ukifika juu ya kadi ya basari, picha inafifia na maelezo yanapanda kutoka chini: nani anastahili, nyaraka zipi zinahitajika, tarehe ya mwisho. Kwenye kompyuta ya mkurugenzi, siku ya kuidhinisha tovuti, ni jambo la kupendeza, na kila aliyeko chumbani anapiga makofi. Sasa mzazi aliyeko wadi ya mbali anafungua ukurasa huo huo kwa simu. Anaona picha ya wanafunzi na neno "Basari". Anaigusa kadi. Ikiwa kadi ni kiungo, anapelekwa moja kwa moja kwenye fomu bila kuona kwamba kulitakiwa nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu. Ikiwa si kiungo, huenda maelezo yakajitokeza, huenda yasijitokeze, na hana njia ya kujua kwamba yapo. Tarehe ya mwisho inapita hali imeandikwa katika tovuti, na afisa akiulizwa atasema kwa haki kabisa kwamba ilitangazwa.

Menyu zinazoshuka zina tatizo lilo hilo. Neno "Idara" likiwa juu ya ukurasa, na orodha ya idara ikajitokeza kwa mshale peke yake, mwenye simu anaweza asizione idara hizo kabisa. Maelezo madogo yanayotokea mtu akisimamisha mshale juu ya alama ya kuuliza katika fomu hayatokei kwa kidole. Kama maelezo hayo ndiyo yanayosema kwamba namba ya PIN ya KRA iandikwe kwa herufi kubwa, basi fomu itakataliwa na mwombaji asijue sababu.

Kwa hiyo kuna kanuni ambayo msanifu wa tovuti ya umma hana ruhusa ya kuivunja: hover inaweza kupamba kinachoonekana, lakini isiwe njia pekee ya kukionyesha. Tarehe, masharti, ada na majina ya idara yaandikwe wazi, yaonekane bila mkono wowote kuguswa. Menyu ifunguke kwa kubonyezwa. Maelezo ya fomu yakae chini ya kisanduku chake, kwa herufi ndogo lakini zinazosomeka. Kadi ya basari inaweza kubaki na mwendo wake, ikainuka na ukingo wake ukabadilika rangi, mradi maneno yote yako pale tangu mwanzo.

CSS yenyewe imetoa njia ya kutofautisha vifaa. Msanifu huandika @media, kisha ndani ya mabano huweka maneno hover: hover, halafu kanuni zake zote za mshale zikaingia chini ya sharti hilo. Kivinjari kitazitumia tu pale ambapo kifaa kikuu cha mtumiaji kinaweza kuelea juu ya kitu. Simu itaziruka, na ule ukaidi wa rangi inayobaki utaisha. Kwa upande wa simu, kitufe kinaweza kuitikia kwa neno active, linalotumika wakati ule ule kinapobonyezwa. Rangi ikikoza kidole kinapogusa na kurudi kinapoinuka, mwenye simu naye amepata "karibu" yake.

Kuna kundi la tatu, ambalo husahaulika zaidi. Hawa hawatumii kipanya wala kidole, hutumia kibodi. Wamo wenye mikono inayotetemeka, wamo wasioona wanaotumia programu za kusoma skrini kama NVDA, ambayo hupatikana bila malipo, na wamo pia wateja wa saiba ambao kipanya cha meza yao kimekufa. Mtu huyu hubonyeza Tab na kuhama kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Alama inayomwonyesha alipo ni mstari unaozunguka kitufe. Wasanifu wengi huuona mstari huo kuwa mbaya na kuufuta kwa kuandika outline: none. Ni sawa na kuondoa vibao vyote vya barabarani kwa sababu rangi yake haikupendeza. Asiyeupenda mstari wa kivinjari achore wake, mnene na wenye rangi inayoonekana, lakini asiache pengo. Na kila panapoandikwa .kitufe:hover, kando yake iandikwe .kitufe:focus-visible yenye itikio lile lile. Ni mstari mmoja zaidi, kazi ya dakika moja.

Tahadhari moja hapa ni ya kiufundi. Kitu kilichofichwa kwa opacity ya sifuri hakionekani, lakini bado kipo. Tab itaingia ndani yake, na mtumiaji wa kibodi atapotea katika viungo ambavyo jicho halivioni. Kinachofichwa kwa kweli kiwekewe pia visibility: hidden.

Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG 2.1, uliotolewa na shirika la W3C Juni 2018, una kigezo namba 1.4.13 kuhusu maudhui yanayojitokeza kwa mshale au kwa kibodi. Unataka mambo matatu. Mtumiaji aweze kuyafunga bila kusogeza mshale, kwa kawaida kwa kubonyeza Esc. Aweze kuupeleka mshale juu ya maudhui hayo bila yenyewe kutoweka. Na yabaki hapo hadi mtumiaji ayaache, ayafunge, au yawe hayana maana tena. Aliyeandika kigezo hiki alimfikiria mtu mwenye uoni hafifu, ambaye amekuza skrini yake mara nne au zaidi. Anaona kipande kidogo cha ukurasa kwa wakati mmoja. Kisanduku kikijitokeza kinamfunika kila kitu, na ili akisome chote inabidi asogeze mshale, na akisogeza kinatoweka. Mwongozo huo pia unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na hesabu hiyo inahusu hali ya hover pia. Kitufe kisomekacho vizuri kikiwa kimetulia, kisha kikageuka kijivu juu ya kijivu mshale ukifika, kimeshindwa mtihani.

Wapo pia watu ambao mwendo wenyewe huwadhuru. Mwenye matatizo ya sehemu ya ndani ya sikio, ile inayotunza mizani ya mwili, anaweza kupata kizunguzungu na kichefuchefu kwa kutazama vitu vinavyoteleza na kukua katika skrini. Simu na kompyuta za sasa zina mpangilio wa kupunguza mwendo, na CSS inaweza kuusoma: msanifu huandika @media, na ndani ya mabano prefers-reduced-motion: reduce, kisha chini yake akaondoa transform na kubakiza badiliko la rangi. Itikio linabaki, kizunguzungu kinaondoka.

Ikiwa kuna anayedhani haya ni mapendeleo ya wataalamu tu, sheria za nchi zipo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Upataji wa Habari ya 2016 iliweka utaratibu wake. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia habari. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, katika kifungu cha 95, inaitaka kaunti iwasiliane na umma kwa njia zinazofikia watu wengi zaidi, na tovuti zimetajwa humo pamoja na redio za jamii na mikutano ya hadhara. Tarehe iliyofichwa nyuma ya mshale ambao mwananchi hana haijamfikia. Na kuna jambo la ajabu zaidi: asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ukurasa wa zabuni usiofunguka kwa kibodi unawafungia nje baadhi ya wale wale ambao sehemu hiyo ilitengwa kwa ajili yao.

Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka Nairobi. Afisa anachukua simu yake mwenyewe, na ikiwezekana ya karani au ya mlinzi wa lango ambayo si mpya, akafungua ukurasa na kujaribu kupata tarehe, ada na fomu kwa kidole. Halafu anarudi kwenye kompyuta, anachomoa kipanya, na kufanya vivyo hivyo kwa Tab na Enter. Kisha anawasha mpangilio wa kupunguza mwendo na kutazama kama ukurasa umetulia. Mwisho anamwita mtu ambaye hakuijenga tovuti, amkabidhi simu na kumwambia atafute basari, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu zaidi, kwa sababu kila msanifu hutamani kuonyesha kwa kidole.

Baada ya mapumziko ya chai, kila idara itafungua ukurasa wake na kuhesabu mambo ambayo kwa sasa yanaonekana kwa mshale peke yake. Kazi ianze na ukurasa wa zabuni, kwa kuwa una tarehe. Vijana wa vituo vya mafunzo watakaa na maafisa, mmoja kwa kila meza, na vipanya vyote vitakusanywa katika boksi lililo mlangoni hadi saa kumi.